Nimerudisha Kondoo Wako

Kondoo hakupiga kelele hata mara moja. Ukasha alimfunga miguu kwa kamba ya katani, akamlaza juu ya magunia nyuma ya Kirikuu yake, naye akatulia anatuangalia tu. Aliyekuwa akipiga kelele ni mimi.

"Kaza hiyo kamba! Akiruka njiani utamtafuta wewe kwenye mikonge."

"Dada Efrazia, kondoo haruki," Ukasha alisema. "Ninayemwogopa kuruka ni wewe."

Sikucheka. Tangu Alhamisi nilikuwa sijacheka na mtu. Nilipanda mbele, nikaubamiza mlango mpaka kioo kikashuka chenyewe, tukaondoka Korogwe kwenda Handeni kumrudishia mwanamume kondoo wake.

Najua unachofikiri. Mwanamke mzima, fundi wa nguo mwenye cherehani yake na wateja wake, anakodi gari kumsafirisha kondoo kwa sababu ya tamthilia! Mama yangu naye alisema hivyo hivyo. Lakini ngoja kwanza nikueleze kondoo huyu alikuwa wa nini, ukimaliza kusikia unicheke.

Kwa watu wa kwao, Wamasai wa tambarare za Handeni, mtu akikupa mnyama kwa moyo wake, ninyi wawili mnaacha kuitana majina yenu. Mnaitana kwa mnyama yule. Waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng. Waliopeana kondoo huitana Pakerr. Jina linakuwa lenu wawili, na halitamkwi ovyo kwa mtu ambaye hamkupeana kitu. Mimi ni Msambaa wa Bungu, ulimi wangu ulishindwa kuishia pale wanapoishia wao, nikawa nasema Pakeri. Siku ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia, "Hivyo hivyo. Usilirekebishe."

Basi tukawa Pakeri na Pakeri. Watu wengine wote walimwita Saruni. Mimi sikulitamka tena jina hilo tangu siku alipopanda milima mpaka Bungu, kondoo jike mabegani, jasho likimchuruzika, akamtua mbele ya mlango wa mama yangu.

"Hii ndiyo mahari?" mama aliuliza. "Kondoo mmoja?"

"Hapana, mama. Mahari nitakuja na wazee. Huyu ni wa jina."

Mama akasema hajawahi kuona jina linalokula majani. Alimpenda kondoo kabla ya kumpenda aliyemleta, na sina hakika kama wa pili aliwahi kumpenda. "Yule mlinzi wako hajambo?" ndivyo alivyokuwa akiniuliza kila Jumapili.

Mlinzi! Hakuwa mlinzi, alikuwa mwigizaji. Utotoni alichunga, na porini hakuwa na mtu wa kuongea naye, basi akawa anawaigizia ng'ombe. Aliigiza madalali wa mnadani, aliigiza mchungaji wa kanisa, aliigiza baba yake akikasirika. Alipokuja kusoma sekondari Korogwe aliingia kikundi cha maigizo kilichokuwa kikicheza kwenye kambi za wakata mkonge kule Ngombezi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwashonea nguo. Nilimpima mabega nikiwa nimesimama juu ya kistuli. Alikuwa na mwanya katikati ya meno, na macho yanayokutazama kama hana haraka ya kwenda popote duniani. Nilikosea vipimo, nikampima tena, na mara ya pili nilikosea kwa makusudi.

Alipoitwa Dar es Salaam kwenye runinga, mtaa mzima tulishangilia. Wakampa geti. Mmasai, apewe nini kingine? Tamthilia ya kwanza mlinzi, ya pili mlinzi, ya tatu mlinzi anayeuawa kabla ya tangazo la kwanza. Rungu mkononi, na Kiswahili cha kuvunjavunja ambacho yeye haongei, ili watu wacheke. Kila akirudi Korogwe alikuwa anakaa karibu na cherehani yangu, anaegemeza kichwa kwenye meza ya kukatia.

"Pakeri, nimechoka kufungua geti."

Nilikuwa nikimpapasa kichwa kwa mkono wenye chaki. "Vumilia. Iko siku utaingia ndani ya nyumba."

Siku hiyo ikafika Alhamisi. Dukani kwangu walijaa wateja, na mama alikuwa ameshuka kutoka Bungu. Kwenye tamthilia, mlinzi alikuwa amempenda binti wa mwenye nyumba. Binti akawa analia kwenye ngazi. Mlinzi akatupa rungu, akaingia ndani, tukapiga makofi. Akapiga magoti. Akauchukua mkono wa yule dada, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akasema, "Pakeri. Usilie, Pakeri wangu. Geti hili sikufungulii uende."

Wateja wakapiga vigelegele. Mama akageuka polepole, akanitazama. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na kitenge cha watu mbele yangu, nami nikakata mahali ambapo hapakuwa na mstari.

Hakusema Pakerr kama wanavyosema kwao. Alisema Pakeri, kwa ulimi wangu.

Kufika Ijumaa, neno lilikuwa limezagaa mji mzima. Bodaboda wa stendi waliniita, "Pakeri, panda twende!" Wala hawakujua ni mimi, walimwita hivyo kila mwenye sketi. Nilikwenda Mombo kufuata vitambaa, nikawakuta wauza mahindi wanaokimbilia mabasi wakiwaita abiria dirishani, "Pakeri, chukua la moto!" Na yeye mwenyewe akanitumia ujumbe: "Umeona? Nimeingia ndani ya nyumba!" Sikumjibu. Niliposikia kwamba amekuja kwao Handeni, nilimtuma Ukasha Bungu akamlete kondoo. Watoto wa kondoo huyo, mama aliwazuia. Alisema wale wamekua kwa majani yake, hawahusiki na mambo ya runinga.

Sikuwa tayari kufa kikondoo. Kondoo mmoja alitosha.

*

Boma la wazazi wake liko nje ya mji wa Handeni, mahali ambapo gari linatangazwa na vumbi lake muda mrefu kabla halijafika. Mama yake, Mama Naitoi, alikuwa amesimama mlangoni kwake tayari, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Takwenya," alinisalimu.

"Iko." Kisha nikaongeza na ya kwetu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona uso umekunja hivyo?"

Kabla sijajibu aliona kilicholala nyuma ya gari.

Mzee Leboo, baba mtu, alikuwa ameinama karibu na zizi, anamkata kwato mbuzi aliyeshikwa na vijana. Nilimwinamishia kichwa kama inavyotakiwa. Alikigusa juu juu, bila kunitazama. Mzee huyu hakunitaka tangu mwanzo. Alitaka mkwe anayejua kukamua, akaletewa anayejua kudarizi.

"Nilisema kondoo asipande mlimani," alisema akiwa bado ameshika kisu. "Nani alinisikiliza?"

"Nimemshusha, mzee."

Hapo ndipo yeye alipotoka ndani. Suruali ya jinzi, shuka begani, simu mkononi. Aliponiona uso wote ulifunguka, mwanya ukaonekana, na moyo wangu mjinga ukanidunda. Siku zote nilizokuwa nikimkasirikia nilikuwa nimemsahau alivyo. Hasira ni rahisi mtu akiwa mbali.

"Pakeri! Umekuja!"

"Nimerudisha kondoo wako."

Alitazama Kirikuu. Tabasamu lilikufa taratibu.

"Unatania."

"Mimi siigizi. Kazi hiyo ni yako."

"Pakeri, subiri..."

"Usiniite hivyo. Hilo ni la yule dada wa kwenye ngazi. Ni la wauza mahindi wa Mombo. Mimi niite Efrazia kama walivyonibatiza."

Alinisogelea, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gari. Ukasha akajifanya anaangalia tairi.

"Nisikilize basi, halafu unitukane," alisema kwa sauti ya chini. "Hakukuwa na skripti. Dairekta anatupa kisa tu. Anasema, huyu analia, wewe unampenda, mbembeleze, kamera inatembea. Maneno tunajitafutia wenyewe. Taa zinaniunguza, watu wote wananikodolea macho, na wanasubiri niharibu wanirudishe getini. Nikatafuta neno la mapenzi kichwani. Nikakuta liko moja tu."

"Ungesema mpenzi. Ungesema laazizi. Wenzako wote wanasema hayo."

"Ningesema hayo ningekuwa naongopa."

"Kwa hiyo ukanitoa mimi ili wewe usiongope?"

"Nilimtazama yule dada nikakuona wewe. Naapa."

"Na mkono kichwani? Nao ulitafuta ukaukuta uko mmoja tu?"

Alifanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Aliushika mkono wangu, huu huu wa kulia wenye sugu ya mkasi, akauinua polepole hadi kwenye kichwa chake, akauacha pale. Nywele zake fupi zilikuwa na joto la jua. Macho yake yalijaa maji.

"Nisamehe," alisema. "Lilinitoka. Likishatoka kwenye kamera halirudi. Ningekuwa na uwezo ningelimeza."

Nikwambie ukweli, hapo niliyumba. Nilimpenda. Nilimpenda kuliko ninavyopenda amani yangu mwenyewe. Nilisema moyoni, mtu hukosea, neno huponyoka, hata mama yangu huniita kwa jina la marehemu dada yake. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kumpapasa vyenyewe.

"Mwambie na lile lingine," Mzee Leboo alisema kutoka zizini.

Alishtuka. "Baba."

"Mwambie. Asubuhi ulinieleza mimi huku meno yote yako nje. Mwambie na yeye umchekee."

Niliuondoa mkono wangu. "Lipi lingine?"

"Nilitaka nikwambie tukiwa wawili, Pakeri..."

"Lipi?"

Alipangusa uso kwa shuka. "Wanatengeneza tamthilia mpya. Mimi ndiye mhusika mkuu. Siyo mlinzi, Pakeri! Mfugaji tajiri, mwenye boma lake, anaongea Kiswahili safi. Hakuna geti humo. Hakuna rungu. Unakumbuka nilivyokuwa nalia mezani kwako?"

"Nakumbuka. Hongera. Inaitwaje?"

Akatazama chini.

"Nimekuuliza, tamthilia inaitwaje?"

"Pakeri," alisema.

Simu yake ikaunguruma mkononi, naye akaibana isiendelee.

"Na umekubali?"

"Nilitaka kukueleza ana kwa ana..."

"Umekubali, hujakubali?"

"Nimekubali."

Ndiyo hiyo. Lile la kwanza lilimponyoka. Hili alikaa kwenye kiti, akafikiri, akaitikia.

"Basi rudi ukakatae," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imeshuka bila mimi kutaka. "Sijasema uache kazi. Kawe mfugaji, kawe tajiri, nitakushonea mwenyewe nguo za kuvalia. Waambie tu watafute jina lingine. Majina yamejaa."

"Hawalitaki lingine. Wanataka hilo kwa sababu watu wamelipenda. Nikikataa wanachukua mtu mwingine. Wamasai wa kuvaa shuka wamejaa Dar es Salaam, Pakeri. Kesho nipo getini. Unataka nirudi getini?"

"Nataka kiwepo kitu kimoja kisichokwenda kwenye kamera. Kimoja tu. Mengine yote chukua."

"Unanilazimisha nichague!"

"Ulikwisha kuchagua. Mimi nimekuja nimechelewa."

"Ni jina tu!" alipaza sauti, na mkono wake ukapiga bodi ya gari. "Jina tu, Pakeri! Kwa nini tunavunja mambo ya maana kwa ajili ya jina?"

Mama Naitoi alikitua kibuyu chini. Vijana waliokuwa wamemshika mbuzi walimwachia, na mbuzi akaondoka akichechemea. Mzee Leboo alisimama wima kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mzee yule ana rafiki wa ujana wake kule Kilindi, walipeana ndama wakiwa vijana, na mpaka leo mmoja akisikika anaumwa mwingine anafunga safari. Hawajaitana kwa majina yao tangu enzi hizo.

"Jina tu," mzee alirudia. "Sawa. Basi na kondoo ni nyama tu. Mshusheni, nimempokea. Msichana arudi kwao na mambo yaishe. Nilisema tangu mwanzo."

"Simrudishi kwako, mzee," nilisema.

Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kufungua kamba. Akasita.

"Unasemaje?"

"Samahani, mzee wangu, sikukosei adabu. Ninyi ndio mlionifundisha kwamba jina hili haliendi kwa mtu bila mnyama. Mwanao amemwita mwanamke mwingine Pakeri mbele ya nchi nzima, na hakumpa hata unyoya wa kuku. Mnyama huyu ni wa yule dada. Apelekewe Dar es Salaam, jina lake liwe halali. Mimi nimemaliza kazi ya kumtunza."

Mzee Leboo alinitazama. Nadhani siku zote zile alikuwa hajawahi kunitazama usoni. Alipangusa kisu kwenye shuka lake, upande huu, kisha upande ule.

"Amesema kweli," alisema. "Atampeleka."

"Baba! Nitampelekaje kondoo Dar es Salaam? Yule dada anakaa ghorofani!"

"Ghorofani kuna ngazi. Nimeziona kwenye runinga, ulipiga magoti hapo. Atapanda."

Ukasha alikohoa kuficha kicheko. Mimi sikuwa na cha kuficha, machozi yalikuwa yananilengalenga na nilikuwa nikiyameza. Kondoo alishushwa. Alisimama kwa miguu yake minne, akajitingisha, akaanza kula majani makavu kando ya miguu ya yule aliyembeba mabegani mpaka Bungu.

Yeye alinifuata mpaka mlango wa gari. Hakujali tena wazazi wake.

"Nitazame," aliniambia. "Mapenzi yetu hayako kwenye kondoo. Unajua hayako."

"Najua. Ndiyo maana kondoo nimeweza kumfunga kamba nikamleta. Na hayo mengine ningeyaweza ningeyapakia pia."

"Basi usiende."

"Piga simu sasa hivi. Hapa hapa, nikisikia. Waambie jina hapana."

Aliitazama simu yake. Kidole gumba kilipita juu ya kioo chake, kikasimama. Nilimsubiri. Nilimsubiri kwa muda ambao mwanamke mwenye akili asingesubiri, kwa sababu nilikuwa bado namwona yule kijana aliyeegemeza kichwa kwenye meza yangu, na nilijua anachoogopa. Kisha akairudisha simu mfukoni.

"Nipe mwezi mmoja," alisema. "Nitaongea nao taratibu."

Nilipanda gari.

"Ukasha, usiwashe!" Alikuwa Mama Naitoi. Tulikuwa tumemsahau. Alikuwa ametoka zizini, na mikononi alikuwa amekumbatia kondoo jike mdogo, mwili mweupe, kichwa cheusi, bado ana ute wa maziwa mdomoni. "Mpakie huyu."

"Mama, nimekuja kurudisha, sikuja kuchukua," nilisema.

"Umerudisha cha mwanangu. Huyu ni wa nyumba yangu, hakuna mwanamume mwenye kauli juu yake." Alimtazama mumewe alipokuwa akisema, na mzee akajishughulisha na kisu. "Nilipolazwa Korogwe, watoto wangu wa kuzaa walikuwa mbali. Mmoja alikuwa kwenye kamera. Aliyenigeuza kitandani ni wewe. Nilikuwa nasubiri uolewe ndipo nikupe. Sasa sisubiri."

Alimpokeza Ukasha yule kondoo. Kisha akaingiza mikono dirishani, pale kwenye kioo kisichokaa juu, akanishika kichwa pande zote mbili.

"Pakerr," aliniita, akalikata palepale ninaposhindwa.

"Pakeri," nilimwitikia, nikalia hapo hapo, kwa sauti, bila aibu.

Hakucheka ulimi wangu. Alinifuta machozi kwa kiganja chenye harufu ya maziwa na moshi, akarudi nyuma. Ukasha akawasha gari. Tulikuwa tumeanza kutembea niliposikia hatua zikikimbia nyuma yetu kwenye vumbi.

"Pakeri!" alikuwa anaita. "Pakeri, simama!"

Ukasha alikanyaga breki. Mama Naitoi aligeuka akasimama katikati, kati ya mwanawe na gari.

"Unamwita nani?" alimuuliza. "Pakeri wa huyu ni mimi. Wewe wako yuko Dar, na kondoo wake ndiye huyo anakula. Huyu unamwitaje?"

Alifungua mdomo. Yeye aliyeweza kuigiza dalali, mchungaji na baba yake, yeye aliyetafuta neno mbele ya taa na kamera akalipata, alisimama pale juani na mdomo wazi. Aliniangalia kwa macho yale yale yasiyo na haraka. Nilimpa nafasi. Neno halikuja.

Nilitoa kichwa dirishani. Mdomo ulikuwa mzito, maana jina hilo lilikuwa geni kwangu kama la mteja aliyeacha nguo zake asirudi kuzichukua.

"Kwaheri, Saruni," nilimwambia, na Ukasha akaondoa gari.